Picha Kumi na Nane za Kuibia

Upendo na Zaina, mimi nimestaafu rasmi jana saa kumi jioni, nikiwa na umri wa miaka kumi na tisa. Msicheke. Yule mzee wa posta aliyestaafu mwaka huu alifanyiwa sherehe, akapewa redio na mbuzi. Mimi Shangazi alinipa soda ya chungwa, akaniambia nirudishe ufunguo wa kabati. Jumatatu napanda basi kwenda kuanza Kidato cha Tano, mbali huko, na nyinyi wawili ndio mtakaoshika kamera. Mnanijua. Mnajua siwezi kumweleza mtu jambo uso kwa uso bila kuangalia viatu vyangu. Kwa hiyo naandika. Mengi nimeyatoa kwenye daftari langu la jalada la bluu, lile ambalo Upendo ulilifungua siku moja ukakuta nimeandika, "Upendo akisoma hapa atokwe na majipu." Samahani kwa hilo. Hata hivyo hayakutoka.

Nilikuja Songea mjini kutoka kwetu Madaba kukaa na Shangazi Gaudensia, dada wa baba, mwenye studio ya picha, ili nisome sekondari ya kutwa. Nilikuwa na aibu ya kupitiliza. Mgeni akipiga hodi studio, mimi naingia chini ya meza na kuitikia "karibu" kutoka hukohuko. Shangazi alivumilia wiki mbili. Wiki ya tatu akainama, akachungulia chini ya meza, akasema, "Skola, mtu akikaribishwa na meza hatarudi. Toka huko. Kuanzia leo utakata pasipoti."

Ndivyo nilivyoajiriwa.

Kukata pasipoti, kwa faida yenu, ni kuchukua karatasi yenye sura nne za mtu yuleyule na kuzitenganisha kwa mkasi bila kumkata sikio. Nilikata masikio mengi. Kuna baba mmoja alipeleka picha zake kazini akiwa na sikio moja na hakuna aliyemuuliza kitu.

Studio mnaijua, chumba kimoja pale Majengo, na lile pazia lenye maporomoko ya maji na ndege ya abiria inayopita chini mno, kama inataka kutua majini. Lilikuwepo kabla yangu na litakuwepo baada yenu. Ila mambo mengine yalikuwa yanabadilika mbele ya macho yetu. Shangazi anasema zamani filamu ilipatikana kwa kujuana, unaambiwa uje kesho mpaka harusi inapita, watu wanapata mtoto. Nilipofika mimi tulikuwa tumeshaingia enzi ya ruksa, biashara imefunguliwa. Kila kitu madukani, vitenge, betri, chupa za chai zenye maua. Filamu zetu zililetwa na mfanyabiashara mmoja kutoka Dar ndani ya gunia moja na sabuni za kuogea, zinanukia mpaka unatamani kuzipaka. Nyingine zilikuwa zimepita muda wake. Hizo zinawafanya watu wawe wekundu. Zikitokea, waambieni wateja ni mwanga wa jioni.

Siku ya kwanza kuachwa peke yangu na kamera niliifungua mgongo, niangalie watu wanakaaje mle ndani. Mkanda wa filamu ukaungua wote kwa mwanga. Shangazi aliporudi hakunipiga. Aliuvuta ule mkanda mpaka mwisho, mrefu kuliko mimi, akaunyoosha dirishani.

"Angalia vizuri. Hawa ni watoto kumi na wawili wa kipaimara. Unawaona?"

"Siwaoni, Shangazi."

"Basi na wao hawatajiona."

Jumapili iliyofuata wale watoto waliletwa tena na nguo zao nyeupe, wakasimama mbele ya maporomoko, ndege ikiwapita kichwani, kana kwamba ndiko walikopewa kipaimara. Nilijifunza mambo mawili siku hiyo. La kwanza, usifungue mgongo wa kamera. La pili, kwa Shangazi, jambo lililoharibika linavalishwa nguo na kurudiwa. Likumbukeni hilo la pili, litakuja.

Kamera yenyewe, ile ya Kijapani ya mkono wa pili, ina mambo yake. Mkoba wake umefungwa kwa kamba ya kiatu, msiikate, ndiyo inayobeba kila kitu. Kidude cha kusogezea mkanda hukwama kukiwa na baridi, mwezi wa sita na wa saba iwekeni kamera kwapani kwanza. Betri za flashi zikichoka zianikeni juani juu ya bati kuanzia asubuhi, zinafufuka, zinapiga picha nane hivi halafu zinakufa kweli. Na hili la mwisho ni siri ya kazi. Mkanda unaandikwa picha thelathini na sita, lakini ukiuingiza kwa mkono mwepesi unapata thelathini na saba. Hiyo ya thelathini na saba haina mwenyewe. Mteja hajaiagiza, Shangazi haihesabu. Mimi niliipenda kuliko zote.

Sasa nimzungumzie Shangazi mwenyewe. Shangazi anapiga picha za kusimama. Hakuna anayemshinda Songea nzima, mpaka Peramiho wanamwita. Anawapanga watu arobaini kwa sauti tu. "Wewe wa shati la kijani, kidevu! Mama, mtoto apanguswe pua! Babu, mikono kwenye magoti, siyo ya jirani! Haya. Tulia. Usipumue!" Na watu hawapumui. Nimewahi kumwona paroko akizuia pumzi. Picha ikitoka, wote wako sawasawa kama viti, macho yametoka, hakuna hata jino moja. Wateja wanafurahi sana.

Mimi siwezi. Mara ya kwanza Shangazi aliponituma kwenye ubatizo, nilisema "tulieni" kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia. Watu wakaendelea na shughuli zao. Nikapiga hivyohivyo. Picha ziliporudi, mtoto alikuwa anavuta kilemba cha mama mkwe, na babu alikuwa amelala wima. Shangazi akazipitia moja moja kama mtu anayechambua mchele wenye mawe.

"Hizi ni za kuibia," akasema.

Neno hilo mnalijua. Ukimpiga mtu bila yeye kujua umemwibia, na shuleni wasichana wanagombana kwa ajili hiyo, "umenipiga ya kuibia, nimekaa vibaya, ichome!" Shangazi alilisema kwa uchungu. "Picha ya kuibia haiuziki, Skola. Mtu anataka aombwe uso wake." Lakini usiku ule niliandika kwenye daftari, nanukuu kama ilivyo: "Leo nimemwangalia babu wa watu usoni dakika nzima na sikuona aibu hata kidogo!!! Kumbe kamera ni mlango wenye tundu." Alama za mshangao tatu. Nilikuwa Kidato cha Pili.

Ukweli ni huo, na ndio maana ya barua hii yote. Bila kamera mimi naangalia viatu. Nikiwa nyuma ya kamera naangalia watu. Hakuna mahali pengine ambapo nimewahi kuweza.

Basi. Kwaresima hakuna ndoa, mnajua, na Pasaka ikipita watu wanaoana kama wamefunguliwa bwawa. Mwaka nilipokuwa Kidato cha Tatu tulipata harusi mbili Jumamosi moja, moja Peramiho, moja Mshangano. Peramiho ilikuwa kubwa, akaenda Shangazi na kamera mpya. Mshangano nikapewa mimi, na ile kuukuu, na mkanda mmoja. Usiku wa kuamkia siku hiyo Shangazi aliniandikia orodha ya picha kumi za lazima. Pete. Kusaini. Keki. Mwisho kabisa, imepigiwa mistari miwili, picha ya ukoo.

"Ukiharibu hii," akaniambia, "kamera inarudi kabatini, na wewe utakata pasipoti mpaka unamaliza Kidato cha Nne. Sikutishi, mwanangu. Jina la studio ni moja tu, sina la akiba."

Sikulala.

Bibi harusi aliitwa Benigna. Baba yake ni Mzee Otmari, mkulima wa mahindi, mzee wa kanisa pale kigangoni, mrefu, mkavu, koti la kijivu jua liwake lisiwake. Sijawahi kumwona mtu aliyenyooka vile. Mwenyekiti wa kamati ya harusi alikuwa jirani yao, Mwalimu Hamisi, mtu wa Tanga. Zaina, najua ni baba yako na najua utamsomea haya. Shikamoo, Mwalimu.

Kanisani mambo yalikwenda. Pete nikapata, kusaini nikapata, maana pale watu wametulizwa na padri, siyo mimi. Tulipofika nyumbani, chini ya turubai, ndipo nilipoanza kuiba. Sikupanga. Mpambe alikuwa anavua kiatu kwa siri chini ya meza kuu, nikampiga. Akina mama wa kamati walikuwa wanabishana kuhusu nani kakata nyama ndogondogo, nikawapiga. Bwana harusi alikuwa anajaribu kumeza kipande cha keki kikubwa kuliko mdomo wake huku akiendelea kuwa mheshimiwa, nikampiga mara mbili. Nilitembea pale kama sipo. Kwa mara ya kwanza maishani kutoonekana kulikuwa na faida.

Ukafika wakati wa zawadi. Meza ilikuwa nyuma ya maharusi, imejaa ndoo, sufuria, chupa za chai, vitenge. Nikaona nikichuchumaa nyuma yake nitawapata maharusi na wageni wote kwa pamoja. Jua likawa linaingia kwenye lenzi. Nikachukua kitenge kimoja juu ya meza, nikajifunika kichwa na kamera. Hapo akatokea mtoto wa kike wa miaka kama minne, ana mfupa wa kuku mkononi.

"Dada, unafanya nini?"

Nikamnong'oneza, maana niliona aibu hata kwa mtoto. "Naiba."

Nilikuwa nataka kumalizia "picha". Sikuwahi.

"Mamaaa! Kuna dada anaiba zawadi! Amejifunika!"

Muziki ukazimwa. Watu mia wakageuka. Na mimi nimechuchumaa nyuma ya sufuria za watu, kitenge cha watu kichwani, siwezi kutamka hata jina langu. Mama mmoja akasema, "Huyu si hata wa ukoo!" Mwingine akasema, "Mshikeni!"

"Astaghafirullahi, mwacheni!" Mwalimu Hamisi alikuja anakimbia na kalamu yake sikioni. "Huyo ni mpiga picha!"

"Mpiga picha gani asiyepiga kelele?" akauliza yule mama.

Mwalimu akainua kile kitenge taratibu, kama anayefunua chungu, na mimi nikaonekana chini yake, kamera ikiwa jichoni bado, maana sikujua pengine pa kuuweka uso wangu. Hapo ndipo Benigna alipocheka. Alianza kwa kukaza midomo. Ikashindikana. Akacheka kichwa kikaenda nyuma, shela ikadondoka, mpambe akaidaka, meno yote nje, machozi, mkono umempiga bwana harusi kifuani.

Kidole changu kikabonyeza chenyewe.

Sasa lazima niseme, ingawa mnajua, bibi harusi kwetu hacheki. Anainama. Akiweza alie kidogo, ni vizuri zaidi. Akicheka maana yake amefurahi kuondoka kwa baba yake, na baba anaonekana alikuwa anamtesa. Mama zake walimfunika shela haraka, muziki ukawashwa, watu wakawa kama hawajaona. Mimi nimeona. Mkanda umeona.

Baada ya hapo nilikuwa nimekwisha. Mwalimu Hamisi alikuja kuniuliza kwa upole, "Binti, tuwapange ukoo sasa?" Ilikuwa niseme ndiyo tu. Neno moja. Nikafikiria kusimama mbele ya watu wale wale walionikuta na kitenge kichwani, niwaambie kidevu juu. Nikasema, "Bado kidogo, Mwalimu." Nikasema hivyo mara tatu. Mara ya nne wazee walikuwa wameshahamia kwenye pombe ya ulanzi, na mimi nimemaliza thelathini na sita kwa kupiga mikono, viatu na kuku.

Nikajificha nyuma ya jiko la nje nilie kwa utaratibu. Nikakuta kuna mtu ameniwahi. Mzee Otmari, peke yake, ameegemea ukuta wa jiko, ameshika tai yake mdomoni kwa mikono miwili, mabega yanatetemeka. Nikadhani analia. Halafu akaishusha tai avute pumzi, akajisemea, "Amejifunika kitenge!" na akacheka tena mpaka akapinda magoti. Mzee Otmari! Nikajaribu kile kidude cha mkanda. Kikasogea.

Thelathini na saba.

Mkanda ulikwenda kusafishwa Dar, ndani ya mfuko wa shati la kondakta wa basi, na ulikaa wiki tatu. Wiki hizo tatu sikuandika kitu kwenye daftari zaidi ya "bado". Shangazi alizipanga picha mezani, akazitazama mpaka chai yake ikaota ngozi.

"Picha ya ukoo iko wapi?"

"Haipo, Shangazi."

"Na huyu ni nani anacheka hivi?"

"Bibi harusi."

"Mungu wangu," akasema Shangazi, na akaketi, ingawa alikuwa ameshaketi.

Albamu ilipelekwa. Siku ya pili asubuhi ikarudishwa na Mzee Otmari mwenyewe, kwa miguu kutoka Mshangano, koti la kijivu. Aliiweka mezani bila kuifungua, kama anayerudisha nguo isiyomkaa.

"Mama Gaudensia, mimi sikuja kugombana. Nimeoza binti. Nikija kuulizwa na wajukuu ukoo wao ni upi, niwaonyeshe kuku?"

"Ni haki yako, baba."

"Na huyu mtoto wangu anacheka kama ametoroka jela. Kwetu hatuchekicheki. Watu watasema nini?"

"Tutarudia," akasema Shangazi. "Jumamosi. Mtavaa, nitakuja mwenyewe. Na huyu binti hutamwona na kamera tena, si kwenu, si kwingine."

Alisema bila hasira, na ndipo nilipojua ni kweli. Alinyoosha mkono. Nikaivua ile kamba ya kiatu shingoni na kumpa kamera. Akaitia kabatini, akafunga.

Sijui ni nini kilichoniingia. Ile ya thelathini na saba ilikuwa ndani ya daftari langu, maana haikuwa ya albamu. Mzee alipokuwa ameshafika mlangoni nilimfuata, nikaangalia viatu vyake kwa sababu vyangu nilikuwa nimevivua, nikamnyooshea. Akaipokea. Akaiangalia. Akaisogeza mbali na macho, akairudisha karibu.

"Hii umeipata wapi?"

"Niliiba. Shikamoo."

Ndivyo nilivyosema. Kwa mpangilio huo. Shangazi aliziba uso. Mzee Otmari hakuitikia shikamoo. Aliitia picha kwenye mfuko wa ndani wa koti, akafunga kifungo, akasema, "Jumamosi saa nne," akaondoka.

Jumamosi nilikwenda kubeba mfuko wa betri tu. Gauni lilikodiwa upya. Benigna aliletwa kutoka kwa mumewe, ukoo wote ukakusanyika uani, watu zaidi ya thelathini, mabenchi matatu. Shangazi alikuwa kwenye siku yake. "Kidevu! Mama, kanga ivutwe! Bwana harusi, umeoa, usiogope! Tulia. Usipumue!" Hawakupumua. Akapiga moja, akapiga ya pili, ya tatu, akaendelea. Ukoo ulinyooka kama uzio mpya. Ilikuwa picha nzuri sana, na siwatanii, Shangazi akiwapanga watu unaona nani amezaa nani bila kuambiwa. Mimi mtoto wa kuiba nasema hivyo.

Halafu Mzee Otmari akatoka kwenye mstari. Hakuna mtu aliyewahi kutoka kwenye mstari wa Shangazi.

"Yule mwizi yuko wapi?"

Wote wakaniangalia. Nikaangalia betri.

"Mama Gaudensia, hizi zako ni za ukutani, na nimeshukuru. Sasa mpe huyo mtoto kamera apige za kwetu."

"Baba, hizo za kuibia ndizo ulizorudisha."

"Nilirudisha kwa sababu za ukutani hazikuwemo. Nilisema nataka ukoo. Sikusema nataka ukoo usiopumua mpaka Kiyama." Akageukia benchi. "Na wewe Benigna, ukicheka cheka, lakini usiniangalie mimi."

Basi Benigna akamwangalia yeye. Ilikuwa imekwisha. Benchi la kwanza lilianza, la pili likafuata, bibi mmoja wa benchi la tatu ambaye hakujua kinachochekwa alicheka kuliko wote. Shangazi alisimama na kamera mpya mikononi, watu wake wote wamepumua, picha imebomoka mbele yake. Nilimwona anapigana na uso wake. Akaangalia namba kwenye kamera.

"Nimetumia kumi na nane," akaniambia, akanivisha shingoni. "Zimebaki kumi na nane. Ibia."

Tangu siku hiyo ndivyo studio yetu inavyofanya kazi, na ndivyo mtakavyofanya, nusu mkanda za kusimama, nusu mkanda za kuibia. Shangazi anaanza, akimaliza za ukutani anakabidhi. Hatujawahi kugombania picha, isipokuwa ile ya thelathini na saba ya kila mkanda, ambayo anajifanya haijui.

Miaka miwili iliyofuata sitaielezea yote, maana nafasi inaisha na Upendo husomi kurasa zaidi ya nane. Habari zilienea. Watu walianza kuja studio wakisema, "Sisi tunataka kama zile za Mshangano, tuibie!" halafu wanasimama mbele ya maporomoko, wamekauka, wanaangalia pembeni. Kuna mchumba mmoja alikuja na rafiki zake watatu, wakaketi, akatangaza, "Haya, hatukuoni! Ibia!" na wakakaa hivyo, eti hawanioni, bila kupepesa, mpaka nikawaonea huruma. Wateja wa namna hiyo wafanyieni hivi. Bonyezeni moja, waambieni asanteni, imekwisha. Wakishusha mabega ndipo mpige.

Na mambo mengine niliyoyajifunza kwa kuchomwa. Mtu akiwa anatafuna, subirini ameze. Mtu akilia kwa shida ya kweli, shusheni kamera, hiyo si ya kuibia, ni ya kwake. Mkimwona mgeni ameketi na mtu ambaye hakupaswa kuketi naye, pigeni keki badala yake. Mtoto mdogo akiwauliza mnafanya nini, semeni "napiga picha", neno zima, mwanzo mpaka mwisho. Na kitenge, tafadhali, nunueni cha kwenu.

Wiki iliyopita nilikwenda Mshangano kuaga. Nilikwenda peke yangu na nilipiga hodi kwa sauti inayosikika, andikeni hilo mahali. Mke wa Mzee Otmari alinikaribisha, akanipikia ugali na dagaa wa Nyasa, nikaketi sebuleni, na picha ya ukoo iko ukutani, imefunikwa kitambaa cha kudarizi. Akaifunua nione. Safi kabisa, kioo kinang'aa, wote hawapumui. Nikaipenda.

Kisha akaleta albamu, ile waliyoichukua tena baada ya Jumamosi ile. Upendo, Zaina, jalada limeng'oka. Kurasa zimelainika kama noti ya zamani. Ile ya Benigna kucheka ina alama za vidole kila kona, vingine vidogo vya mtoto, vingine vya mafuta, hata sijui ni mandazi au nini. Ya bwana harusi na keki imechanika katikati na imeungwa kwa plasta ya hospitali. Nilishika ile albamu nikasikia raha isiyo na adabu. Mimi nilifundishwa picha ishikwe pembeni, isiguswe usoni. Hii ilikuwa imeguswa usoni na ukoo mzima.

Mzee Otmari aliingia akitoka shamba. Nikasimama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Leo umeanza na salamu."

Akaketi, akaniuliza habari za shule, safari, basi gani. Mkewe akasema, "Mwonyeshe basi, unaona haya nini?" Akasema hana kitu cha kuonyesha. Mkewe akaingia ndani, akarudi na kitabu chake cha sala, kile anachokwenda nacho kanisani kila Jumapili, akakitikisa. Ikadondoka ile ya thelathini na saba.

Ilikuwa imekwisha. Kona zote nne zimekuwa mviringo. Ukuta wa jiko upo, tai ipo, lakini usoni, pale kwenye kicheko, dole gumba limepita mara nyingi mpaka rangi imeondoka. Imebaki nyeupe, na meno kidogo.

"Mahubiri mengine ni marefu," akasema Mzee Otmari, bila kuniangalia. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Nami nilikuwa namwangalia yeye, usoni, na sikuwa na kamera.

"Inaweza kusafishwa nyingine?" akauliza.

Nikamwambia inaweza. Negativu iko kwenye kopo la maziwa ya unga, rafu ya juu, nimeiandika namba kwa wino mwekundu. Mtaipeleka Dar na basi la Alhamisi, kwenye mfuko wa shati la kondakta, siyo kwenye begi. Hiyo ndiyo kazi yenu ya kwanza. Itakaporudi mpelekeeni wenyewe, Mshangano, kwa miguu, na mchukue kamera ikiwa na mkanda. Akiipokea ataifungua bahasha palepale mlangoni, namjua.

Msimwambie asimame.